Kukumbuka Mauti Si Kuyaita

Mwezi wa Machi mwaka 1987, Kenya nzima ikiwa imetega masikio redioni kusikia wakili S. M. Otieno atazikwa wapi, ami yangu alifariki dunia Burumba usiku wa manane, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili alikuwa amekwisha kuzikwa. Sisi jamaa zake wa Majengo, Mombasa, tulipata habari alasiri, kwa simu iliyopigwa kwenye duka la jirani. Bibi yangu aliposikia kuwa mwanawe ameshatiwa kaburini na watu asiowajua, alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akauliza swali moja tu: "Nani aliyemwosha?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo ninalotaka kulijibu hapa, ingawa bibi mwenyewe ametangulia zamani na jibu alilipata mapema kuliko mimi.

Kwa wasioufahamu mji ule, Burumba ni mtaa wa Busia, mji uliokaa nusu Kenya na nusu Uganda, mfano wa mtu aliyepanda punda, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku. Kaskazini yake uko Malaba, mji mwingine wa mpakani. Mzigo ushushwao Kilindini ukaelekea Uganda, Rwanda au Kongo, kwa kawaida hupita mlango mmojawapo kati ya hiyo miwili. Hata neno bodaboda, ambalo leo halina mtaa lisikotajwa, lilizaliwa kwenye mpaka huu, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria baina ya forodha moja na nyingine, wakiwaita kwa jina la Kiingereza la mpaka. Kwa hiyo watu wa pwani wanaijua Busia zaidi ya wanavyodhani. Mabaharia wetu wa zamani walikuwa na Maskati na Bombay. Madereva wetu wana Malaba na Busia.

Ami alikuwa mmoja wao. Aliendesha malori ya mizigo tangu ujana wake, na kama madereva wengi alikuwa mtu wa mzaha, mwenye sauti kubwa na deni kila kituo. Lakini mwaka 1983, kwenye mteremko ule wa Sachangwan ulioua watu wengi, alimshuhudia mwenziwe akifa ndani ya gari lililopinduka. Alimshika mkono mpaka akakata roho. Marehemu alikuwa akijaribu kusema jambo, juu ya fedha za mtu fulani alizokuwa amewekewa, na hakulimaliza. Ami aliwatafuta wenye fedha hizo kwa miezi, asiwapate.

Aliporudi nyumbani safari hiyo alinunua daftari la skuli la kurasa 48. Tangu siku hiyo lilikaa chini ya kiti chake cha usukani, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni lisiingie mafuta.

Daftari hilo nimelishika kwa mikono yangu. Ukurasa wa kwanza una bismillahi na jina lake na la babake. Ukurasa wa pili ni wa watu wanaomdai, na kila jina lina kiasi chake, mahali mwenyewe anapopatikana, na alama ya mkato pale deni lilipolipwa. Mikato ni mingi. Wa tatu ni wa anaowadai yeye, na hapo baadhi ya majina yameandikwa pembeni "nimemsamehe". Halafu zinakuja amana: saa ya fulani iliyopelekwa kutengenezwa, barua ya fulani, shilingi mia mbili za mama fulani wa Eldoret za kumnunulia kanga. Ziko siku za saumu alizokula safarini, zimehesabiwa, na alizolipa zimefutwa. Upo ukurasa mmoja una majina matatu tu bila maelezo; baba alituambia hao ni watu ambao ami alikuwa amewakosea na alikusudia kuwaomba radhi. Wawili wamekatwa.

Mwisho kabisa, chini ya saini za mashahidi wawili, kuna wasia wenyewe. Theluthi ya alichonacho, ambayo haikuwa kitu kikubwa, iende madrasa aliyosomea. Mwanawe wa kiume asifanywe dereva kwa kulazimishwa. Na sentensi hii, ambayo nadhani ndiyo iliyomtuliza bibi baadaye: popote atakapokufa azikwe hapo hapo, na asikodiwe mtu gari.

Usiku ule wa Burumba alikuwa amelala gesti, akingojea makaratasi ya forodha. Alilalamika kifua. Utingo wake alitoka kutafuta msaada, na aliporudi ami alikuwa ameshafika mwisho. Kijana yule hakuwa Muislamu, lakini miaka minne ya kusafiri na ami ilikuwa imemfundisha mambo. Alikwenda moja kwa moja chini ya kiti, akalitoa daftari, akalipeleka msikitini wakati wa alfajiri. Wazee wa msikiti walikuwa wakijadiliana kama maiti angojewe jamaa zake watoke Mombasa. Imamu akasoma ukurasa wa mwisho, na mjadala ukaisha.

Sasa turudi kwa wakili Otieno, kwa sababu siku zile mambo haya mawili yalikuwa katika mazungumzo yetu asubuhi na jioni, na ilikuwa muhali kutoyalinganisha. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema hayo ndiyo aliyoyataka marehemu. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Wajaluo. Shauri lilikwenda Mahakama Kuu, likafika Mahakama ya Rufani, na majaji wakaupa ukoo haki. Mwili wa marehemu ulizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa kwake. Mwanasheria mashuhuri, aliyewatetea wengi mahakamani, hakuacha hata karatasi moja iliyosema azikwe wapi. Yote yalibaki kuwa maneno ya aliyesikia na aliyekana. Na kwa hakika haijulikani kama karatasi ingefaa kitu, kwani majaji walitazama zaidi mila kuliko matakwa ya mtu. Lakini sisi barazani tulikuwa hatuyajui hayo ya sheria. Tulichokiona ni wakili aliyelala mochari miezi mitano, na dereva wa lori aliyelala kaburini kwake kabla ya adhuhuri.

Si kwamba ami alikuwa mwerevu kuliko Otieno. Dini ilikuwa imemrahisishia. Sura ya Luqman inafungwa kwa kutukumbusha kwamba hakuna nafsi inayojua itakufia nchi gani, na kwa mtu wa barabarani maneno hayo si mafumbo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata pwani, kumhamisha maiti mji hadi mji ni jambo lisilopendeza, na wako wanazuoni walioliharamisha kabisa. Mwili una haki nne juu ya Waislamu wanaoufikia: kuoshwa, kuvishwa sanda, kusaliwa na kuzikwa. Hakuna sharti la kwamba waoshaji wawe ni jamaa. Wenyeji wakishatimiza, wengine wote wameondokewa na dhima. Wahenga wamesema mwosha huoshwa, lakini hawakusema kwamba ataoshwa na wale aliowaosha.

Nani, basi, aliyemwosha? Baba yangu alisafiri hadi Busia wiki ile ile, naye ndiye aliyeleta jibu. Walikuwa wazee watatu wa mji ule, Waislamu wa Kiluhya, mmojawapo asili yake ni Mumias. Hapo pana historia fupi inayostahili kusemwa. Uislamu ulifika Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, katika karne ya 19, uliletwa na wafanyabiashara Waswahili wa pwani waliokuwa wakipitia huko na misafara yao. Wengine walilowea, wakaoa, wakafundisha watoto kusoma. Kutoka hapo dini ikaenea sehemu nyingine za magharibi. Kwa hiyo mzee aliyemmiminia ami maji alikuwa amejifunza kazi hiyo kutoka kwa watu waliojifunza kutoka kwa watu wa kwetu. Bibi alipoelezwa hivyo alisema, "Basi kaoshwa na jamaa zake," na hakulizungumza tena.

Baba hakwenda Busia kwa ziyara ya kaburi peke yake. Katika ukurasa wa pili wa daftari mlikuwa na deni la shilingi thelathini na tano la mama mmoja muuza samaki wa Burumba, halijakatwa. Alimkuta sokoni, akampa rambirambi na fedha zake. Mama yule hakushangaa. Alisema ami mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba asipokuja yeye kulipa atakuja nduguye, na yeye alidhani ni mzaha wake wa siku zote.

Ninafahamu kwamba wapo wasomaji ambao mpaka hapa wameshaanza kujisikia vibaya. Katika nyumba nyingi za pwani, kutaja kifo chako ukiwa mzima ni mkosi. Mtu akianza kusema "nikifa mimi", mkewe humkatiza, wanawe hukunja uso, na mwenye kuandika wasia hutazamwa kama aliyemwandikia Izraili barua ya mwaliko. Itikadi hii ina nguvu sana, hata kwa watu wanaoswali sala zote tano, nayo haina msingi wowote katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfai alale masiku mawili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzi Pepo wala Moto. Inazungumza habari za kuandika deni na kuweka mashahidi.

Kama unataka ushahidi kwamba wasia hauui, mtazame Saad bin Abi Waqqas. Aliugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, akiwa na binti mmoja tu wa kumrithi, akadhani hatapona. Akamuuliza Mtume kama atoe theluthi mbili za mali yake sadaka. Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Theluthi? Akaruhusiwa, huku akiambiwa kwamba hata theluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijiweza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Mpaka leo theluthi hiyo ndiyo mpaka wa wasia kwa Waislamu wote. Na Saad? Saad alipona. Aliishi zaidi ya miaka arobaini baada ya hapo, akapata watoto wengine, na ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya. Mtu aliyekwisha kupanga kifo chake akainuka kitandani akaenda kuiangusha dola ya Kiajemi.

Katika jambo hili liko fumbo ambalo ami alinifumbulia bila ya kukusudia. Watu hudhani mwenye kukumbuka mauti huishi kwa huzuni, amejiinamia, hana hamu ya kula. Ami alikuwa kinyume chake. Tangu aanze daftari lake aliacha kutafuna miraa ili akeshe usukani. Usiku ukimkuta popote alilala, hata tajiri wake agombe. Sigara aliipunguza, akaiacha. Hakuondoka Mombasa bila kupita kwa bibi kumbusu mkono, na akigombana na mkewe asubuhi alirudi kutoka lango la bandari kupatana naye kabla ya kutia gari moto, jambo ambalo wenziwe walimchekea sana. Mtume ametuhimiza tuchume mambo matano kabla ya matano: ujana kabla ya uzee, siha kabla ya ugonjwa, utajiri kabla ya ufukara, faragha kabla ya shughuli, na uhai kabla ya mauti. Tazama jinsi siha ilivyotiwa humo pamoja na uhai. Mwenye kujua kwamba mwili ni amana atakayoirudisha haufanyi jalala. Siku hizi wataalamu wa afya wanatuambia kwamba mwili, moyo na nyumba ya mtu haviwezi kutibiwa mbalimbali. Ami angewauliza kwani kuna aliyewahi kuvitenganisha.

Hapo Busia, siku tatu alizokaa, baba aliona namna nyingine ya kupokea mauti. Kwa Waluhya na Wateso wa sehemu zile, kama ilivyo kwa Wajaluo, mtu huzikwa nyumbani kwao, kwenye ardhi ya baba zake, na maziko ni jambo la ukoo mzima. Watu hukusanyika, ng'ombe huchinjwa, nyimbo huimbwa, na hotuba zina nafasi yake. Kuna wema mkubwa ndani yake, kwani hakuna anayelia peke yake. Lakini gharama zake zimewafilisi wengi, na palizuka disko matanga, ngoma za usiku za kuchangisha fedha za maziko, ambazo serikali imezipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya mabaya yanayowapata wasichana humo.

Na sisi wa pwani tusijitoe. Tunazika haraka, kweli, lakini baada ya kuzika huja hitima, siku ya saba, arobaini, masufuria ya pilau, na mjane aliye edani anaambiwa fedha za mchele zimekwisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliwakemea watu wa Mombasa juu ya israfu zao tangu enzi za magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, miaka ya thelathini. Sijui angesema nini leo akiona mahema na viti vya kukodi. Mtu wa Busia akitucheka atakuwa na haki.

Mpaka huu una somo jingine, nalo limetoka kwa wanawake. Mwaka ule ule wa 1987, ng'ambo ya pili, Bi Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ukimwi mwezi wa Januari, alianzisha pamoja na wenziwe chama cha TASO jijini Kampala. Walikuwa watu kumi na sita, wengi wao wakiwa wameambukizwa, katika siku ambazo dawa hazikuwapo na mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma. Hawakuahidi kuponya mtu. Walichosema ni kwamba mwenye kujua kuwa atakufa anaweza bado kuishi, akala vizuri, akatibiwa maradhi yanayotibika, akakaa na wanawe, akafa kwa heshima. Tawi lao la Tororo liko mwendo mfupi tu kutoka Malaba.

Halafu, katika miaka ya tisini, akina mama wa Uganda wenye virusi, waliojiunga katika chama cha NACWOLA kilichoundwa mwaka 1992, wakaanza kuandika vitabu vya kumbukumbu. Mama huchukua daftari, akamwandikia mwanawe: ulizaliwa siku gani na mvua ilinyesha au haikunyesha, babako alikuwa nani, babu zako walitoka wapi, ulipenda kula nini ulipokuwa mchanga, mila za kwetu ni hizi, na mimi natumaini utakuwa mtu wa namna hii. Wengine walibandika picha. Kazi hiyo ilifika wilaya za Luweero na Tororo, ikaunganishwa na kuandika wasia na kuchagua mlezi wa mtoto wakati mzazi angali hai. Watoto wengi walikuwa hawajaambiwa kitu; waliona mama anakonda na wakabuni sababu zao wenyewe. Daftari lilikuwa njia ya kulianza zungumzo ambalo kinywa kilishindwa kulianza. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alikwenda kuwatazama akina mama hao na kuandika kitabu juu yao.

Siku hizi, alhamdulillahi, dawa za virusi zipo, na mwenye kuzitumia sawasawa huishi umri wa kutosha kuwaona wajukuu. Wako akina mama walioandika madaftari yale wakiagana na watoto, kisha wakapona kama Saad, wakawalea watoto wenyewe. Hakuna aliyesema kazi ile ilikuwa bure.

Msomaji wa Lamu au wa Mombasa ameshaona ninakokwenda. Jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, akiwa mgonjwa na akijua anakokwenda, alimwita bintiye Mwana Hashima aje na wino na karatasi. Akamtungia utendi tunaoujua sote. Tumezoea kuusoma kama mafunzo ya adabu ya mke kwa mumewe, na katika miaka ya karibuni wapo waliomlaumu kwa hilo. Mimi huusoma kama daftari la Tororo. Ni mama anayehesabu aliyonayo na kukuta kwamba hana cha kumwachia binti isipokuwa maneno, naye anayapanga upesi: dini, ulimi, usafi wa mwili na wa nyumba, namna ya kukaa na wakubwa na wadogo, kisha dua, akitaja maradhi yake na watoto anaowaacha. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Kabla yake, mwanzoni mwa karne hiyo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa ameyatazama magofu ya Pate na kuuonya moyo wake katika Al-Inkishafi. Lakini Sayyid Abdalla alikuwa akizungumza na nafsi yake. Mwana Kupona alikuwa na mtoto mbele yake, na bila shaka mtoto analia. Ndiyo maana utendi wake ulinakiliwa na wanawake kwa mkono, nyumba hadi nyumba.

Nitaje na hili kwa ufupi, maana wapo wanaodhani kukubali mauti ni kukubali mateso. Sivyo. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman, daktari wa Kiingereza aliyefariki mwaka 2025, alianzisha Kampala huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kwa mofini ya kunywa iliyotengenezwa kwa bei nafuu, na Uganda ikafika mahali pa kuwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika dawa hiyo wenyewe. Muislamu ameamrishwa kutafuta dawa. Mgonjwa aliyepunguziwa maumivu huweza kutoa shahada, kuaga na kuusia. Anayepiga kelele usiku kucha hawezi.

Busia ya leo si ile aliyoiacha ami. Tarehe 24 Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walifungua hapo kituo cha pamoja cha forodha, ili dereva amalize makaratasi yake upande mmoja tu badala ya kulala gesti. Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba, madereva wakingojea majibu ya vipimo, wakipika chini ya magari yao, wakiogopwa na kila kijiji walichopita. Wengi walikuwa vijana wa kwetu. Nilipokuwa nikiona picha zao gazetini nilijiuliza ni wangapi wana daftari chini ya kiti, na ni wangapi ambao mtu akiwaokota hatajua hata ampigie nani simu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini ngamani kwenyewe kuna watu watakaolazimika kutafuta madeni yako kwenye simu iliyofungwa kwa nambari ya siri.

Baba aliporudi kutoka Busia mwaka ule alipitia duka la vitabu, akanunua daftari la kurasa 48. Alikuwa karani bandarini, mtu wa kuandika kwa mpango, na jioni ile aliketi mezani akapiga mistari kwa rula. Mama alipotambua anachokiandika alilivuta daftari mezani. "Bwana, usituitie Izraili nyumba hii," alisema. "Msiba wa nduguyo haujesha, wataka kuuleta wa pili?" Baba hakubishana. Alingoja mpaka ghadhabu zimshuke, akaliomba, akapewa, akaendelea kuandika mbarazani badala ya mezani. Kila Ramadhani nilimwona analitoa na kulisahihisha. Mama alijifanya haoni. Lilikaa wapi katikati ya mwaka hatukujua, na hatukuuliza.

Baba alifariki mwaka 2009, hapa hapa Mombasa, kitandani kwake, baada ya sala ya isha. Tulimzika asubuhi. Watu walipopungua, mama aliyekuwa ameketi edani aliniita chumbani. Aliinua godoro upande wake wa kitanda, si upande wa baba, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba. Alinipa bila kunitazama.

"Haya, soma," alisema. "Anza na madeni."